Abiria wa Gari la Mikate

Baba mkubwa wangu aliendesha malori ya masafa marefu mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, wenye kampuni wakachoka kuuona uso wake. Mtaani wanamwita Breki. Hata akitembea kwa miguu, akifika njia panda husimama kabisa, hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na hapo hakuna hata kuku anayevuka. Mkewe humwita Dereva, naye humwita mkewe Abiria. Nilipohamia kwao ili niwe karibu na shule, nilidhani ni utani wa wazee wanaopendana, nikawa nacheka nao. Sikujua kwamba huyo Abiria hajawahi kupelekwa popote na huyo Dereva.

Mimi kitu nisichokielewa hunikaa kooni, kwa hiyo nikauliza. Mama mkubwa alikuwa kwenye cherehani lake la miguu, anakanyaga pedali na kusukuma kitambaa. Alinijibu bila kuinua kichwa, kama anayesoma vipimo vya mteja.

"Mama yangu aliugua wakati wanangu bado wadogo. Baba yako mkubwa alikuwa safarini na mzigo wa saruji. Akapiga simu kwa jirani, akaacha ujumbe: asipande basi na watoto, anisubiri, nakuja kumpeleka mwenyewe. Nikafunga mabegi, nikakaa nayo pale sebuleni. Lori likamvunjikia ekseli huko porini. Alipofika, mama keshazikwa." Akakata uzi kwa meno. "Basi, nikafungua mabegi."

Tangu hapo Mama mkubwa hakuwahi kufika kwao. Kila mwaka Baba mkubwa alisema, mwaka huu nakupeleka mwenyewe, na kila mwaka kulikuwa na mzigo wa mtu mwingine wa kupelekwa kwingine. Alipostaafu, akiwa na wakati wote wa dunia mkononi, nyonga ya Mama mkubwa ikaanza kumtesa. Akikaa kitako safari nzima kwenye basi, akishuka hawezi kusimama. Lazima kila baada ya muda alale, anyooke.

Ndipo siku moja Baba mkubwa akaingia uani na gari refu, jeupe, lisilo na dirisha hata moja nyuma. Ubavuni lilikuwa bado lina picha ya mkate iliyofifia, na ukifungua milango ya nyuma unapigwa na harufu ya chachu hadi unasikia njaa.

"Abiria!" aliita. "Njoo uone nyumba yako."

Mama mkubwa alitoka na mkasi mkononi. Akalizunguka polepole, akaligonga bati.

"Nyumba haina dirisha. Mimi ni mkate?"

"Dirisha tutakata. Kitanda tutaweka. Jiko, tangi la maji, kila kitu. Ukichoka unalala, ukiamka tumefika."

"Na mtoni je?"

Hapo ndipo palikuwa na shughuli. Kwao Mama mkubwa ni ng'ambo ya mto, na mto huo una daraja la mbao lililoning'inizwa kwa nyaya. Ni jembamba. Gari halipiti, mkokoteni haupiti. Watu wanapita, mbuzi wanapita, na pikipiki inapita, vipini vyake vikiwa karibu kugusa nyaya huku na huku. Baada ya daraja kuna kilima kirefu hadi kwenye nyumba aliyozaliwa na kaburi la mama yake pembeni. Kwa miguu hawezi tena.

"Mtoni nashusha pikipiki," alisema Baba mkubwa. "Wewe unakaa nyuma yangu. Tunavuka."

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyekundu, kuukuu, aliyoinunua kwa tarishi mmoja. Kwa hiyo swali likawa moja tu, na swali hilo ndilo lililokula mwaka wetu: ndani ya gari la mikate, au nyuma yake, pikipiki ikae wapi?

Fundi aliyeitwa kusaidia ni yule wa kuchomelea wa mtaa wa pili. Wanamwita Cheche, na mdomo wake hautulii hata akiwa amevaa miwani ya kazi. Yeye alikuwa na jibu siku ya kwanza.

"Breki, kwa nini ujisumbue? Nenda na gari lako. Pale mtoni kodi pikipiki. Vijana wapo tele."

"Nimwambie nini mke wangu? Nimekuleta mpaka hapa, kumalizia malizia na mtu baki?"

"Ndiyo. Mwambie hivyohivyo."

"Nilisema nitampeleka mwenyewe."

"Au abebwe kwenye machela, watu wanne tu..."

Mama mkubwa alimjibu kutoka dirishani. "Kwa mama yangu nikaingie nimelazwa? Nitaingia nimekaa, Cheche. Siku ya kulazwa itafika bila wewe kuiharakisha."

"Haya, mama. Yaishe."

Wakaanza na keria ya nyuma. Cheche alichomelea vyuma viwili vizito kwenye fremu ya gari, akaweka mfereji wa chuma ambamo magurudumu yangekaa, pikipiki ikafungwa huko nje kwa mikanda, imekingama nyuma ya milango. Ilipendeza. Ndani pakabaki peupe, pana nafasi ya kitanda kikubwa, jiko, hata kiti cha mgeni.

Sasa Baba mkubwa ana tabia moja aliyotoka nayo kwenye malori. Hajaribu gari kwa mzigo wa mteja. Anaweka mzigo wa majaribio, wenye uzito uleule, anaona gari linasemaje, ndipo anapakia mzigo wenyewe. "Mali ya mtu haifanyiwi majaribio," husema. Kwa kuwa Cheche na Mama mkubwa walikuwa na uzito unaokaribiana, Cheche akawa mzigo wa majaribio. Walimlaza kitandani, wakajaza madumu ya maji, mimi nikakaa mbele.

"Dereva, mume wangu," Cheche alipiga kelele kwa sauti nyembamba, "punguza mwendo, nina mimba!"

Hata Baba mkubwa alicheka. Lakini tulipoanza kupanda mwinuko wa sokoni aliacha kucheka. Nilimwona akizungusha usukani kidogo, gari likaendelea kwenda lilikokuwa likienda. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameinuliwa na uzito wa nyuma, yanagusa lami kama mtu anayenyata. Tulikosa kidogo tu kuingia kwenye meza ya muuza viazi. Alisimamisha, akavuta breki ya mkono.

"Mzigo umekaa nyuma mno ya ekseli," alisema. "Huo hauubebi. Huo unakubeba wewe."

Cheche alitoka kichwa kwanza kupitia dirisha walilokuwa wamelikata ubavuni. "Ina maana ningefia kitandani kwa mtu?"

Keria ikakatwa. Baba mkubwa akawaza tela dogo, pikipiki ipande juu yake, gari livute. Hiyo kwake ni kazi ya kufanya amefumba macho. Ametumia ujana wake akivuta matela yaliyo marefu kuliko nyumba yetu. Lakini Mama mkubwa aliposikia aliweka kikombe chini.

"Tela tena, Dereva? Maisha yako yote umevuta tela. Safari yangu moja, nayo uivute?"

Baba mkubwa akasema mwenyewe kwamba kweli, ukingoni mwa mto hakuna pa kugeuzia tela. Nadhani aliitafuta sababu hiyo ili amfurahishe mkewe.

Pikipiki ikaingia ndani. Wakaiweka chini, kitanda kikapanda juu yake, kama vitanda vya ghorofa vya bwenini, na nafasi nyingine yote ikabaki kwa jiko na tangi. Cheche alipanda, akalala, akakoroma kwa makusudi. Safi. Gari likaenda sokoni na kurudi bila kuyumba. Baba mkubwa aliimba siku hiyo, na sauti yake mnajua tu haikuumbwa kwa kuimba.

Mama mkubwa alikuja na mapazia aliyoyashona kwa ajili ya madirisha mapya, ya bluu yenye maua madogo. Akatazama kitanda kilichomfika kifuani.

"Huko juu napandaje? Mimi mbuzi?"

"Tutaweka ngazi."

"Na nikitaka kushuka kwenda haja?"

"Nitakushika."

"Utanishika mara ngapi, Dereva? Na hii harufu ya petroli inayopanda, nitalala au nitalewa?"

Baba mkubwa hakubisha. Alichukua spana, akaanza kufungua. Ndivyo alivyo. Miaka yote ile hakuwepo nyumbani hata kubishana, na sasa aliposahihishwa alikuwa kama mwanafunzi aliyehamia shule mpya, kila kosa analishika kwa mikono miwili.

Ilikuwa kipindi hichohicho ambapo niliona kitu, nikakiona tu bila kukielewa. Mama mkubwa alimwita fundi wa cherehani, mkanda wa pedali ukatolewa, akafungiwa mpini wa kuzungusha kwa mkono. Nikamuuliza kwa nini, maana cherehani la miguu lina kasi zaidi. Akasema amechoka kukimbizana. Tena alianza kukaa ukingoni mwa kiti, upande mmoja tu, mguu wa kulia umenyooshwa mbele kama fimbo iliyoegeshwa. Nikadhani ndivyo watu wanavyokaa wakizeeka.

Mpangilio wa mwisho ulichukua muda kuliko yote. Kitanda kilishushwa, kikawekwa ubavu wa kushoto, urefu wa goti, ili Mama mkubwa akae tu na kuviringika. Pikipiki ikasimama ubavu wa kulia juu ya ekseli, gurudumu la mbele limebanwa kwenye kabari ya chuma iliyofungwa sakafuni, mikanda minne imeivuta chini mpaka springi zikakaa. Kati ya pikipiki na kitanda wakajenga ukuta wa mbao, wakaziba nyufa, wakatoboa tundu la hewa chini, upande wa pikipiki, ili mvuke wa petroli utoke nje. Milango ya nyuma ikapata ubao mrefu wa kupandishia na kushushia. Jiko likawa dogo la kukunja. Kiti cha mgeni kikafa.

Kila walipomaliza kipande, Mama mkubwa alikuja na kasoro. Ukuta unaziba upepo. Wakakata kidirisha. Kidirisha kinapiga kelele. Wakaweka mpira. Godoro gumu. Taa iko upande wa miguu. Cheche alianza kunung'unika.

"Breki, mkeo anataka gari au anataka ikulu?"

"Anataka kufika amelala vizuri. Shika hapa."

"Mimi nashika. Ila huyu hatamaliza."

"Asimalize. Nilimsubirisha, na mimi acha nimsubiri."

Lakini kasoro huisha. Siku ilifika Mama mkubwa akazunguka gari zima, akafungua, akafunga, akalala, akaamka, akatazama mapazia yake ya bluu, na hakupata la kusema. Baba mkubwa akapangusa mikono.

"Abiria. Kesho tunaondoka."

Nilikuwa likizo, tena nami nilikuwa nimeahidiwa nafasi mbele. Asubuhi Mama mkubwa alitoka amevaa gauni jipya la kijani alilolishona kwa safari, na mabegi yalikuwa mlangoni. Nilipoyaona nikakumbuka yale mengine, ya zamani, nikafurahi kuliko nilivyofikiri ningefurahi. Baba mkubwa alizunguka gari, akapiga kila tairi teke, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kila safari. Kisha akasema lazima tuone zoezi la mtoni likifanyika mara moja hapahapa uani, tusije tukaaibika mbele ya watu.

Akashusha pikipiki kwenye ubao, peke yake, kwa utulivu kabisa. Akaiwasha. Cheche, kwa mazoea, akaruka nyuma yake, wakazunguka uani.

"Shuka," alisema Baba mkubwa. "Mzigo wa majaribio umekwisha kazi. Leo apande mwenyewe."

Mama mkubwa alisogea. Akashika kiti cha pikipiki, akasimama.

"Panda tu. Nimeishikilia."

"Naona."

"Weka mguu pale kwenye chuma, huu mwingine uvushe."

Aliujaribu. Naapa aliujaribu. Mguu wa kulia ulipanda kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi dogo, ukagoma. Akabadilisha upande. Uso ukamlowa jasho. Cheche akacheka kidogo kwa kutojua, halafu akaacha.

"Basi kaa upande," alisema Baba mkubwa, "miguu yote huku." Kabla hajafunga mdomo nilimwona akikumbuka zile nyaya za daraja zinazokaribia kugusa vipini. Miguu ya mtu aliyekaa upande ingepita wapi? Hata hivyo tulimsaidia, mimi na Cheche, tukamwinua. Nyonga haikukunja. Aliteleza akarudi chini, na tukamdaka.

"Siwezi, Dereva," alisema. "Usiwachoshe hawa bure. Siwezi."

Pikipiki ilikuwa bado inanguruma. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Tulikuwa tumepima pikipiki, tumepima kitanda, ukuta, mlango, ubao, mpaka vipini na kidirisha. Mwaka mzima mtu mwingine alikuwa akilala mahali pake na kukaa mahali pake. Yeye mwenyewe hatukumpandisha hata siku moja, kwa sababu mali ya mtu haifanyiwi majaribio.

Baba mkubwa alizima injini. Akaiacha pikipiki hapo, akapanda kwenye kiti cha dereva cha gari la mikate, akafunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha gari kikahamia upande wa pili wa ua. Cheche aliniambia kwa sauti ya chini, "Usimpelekee hata maji," akaondoka bila kuchukua vyombo vyake.

Mimi nikaenda jikoni. Mama mkubwa alikuwa anafungua mabegi. Alitoa kanga moja, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akatoa nyingine.

"Mama mkubwa, ulijua?"

"Daktari aliniambia zamani. Kipindi kile wanakata keria."

"Na hukumwambia!"

"Ningemwambia, angefanya nini? Angekaa kwenye kiti pale nje akihesabu magari ya wenzake." Aliendelea kukunja. "Mwanangu, mimi nimeolewa na mgongo. Nilikuwa nauona ukiondoka asubuhi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nimeolewa na uso. Anakuja na tepu yake, ananiuliza, Abiria, hapa unapaonaje? Nikisema sawa, kazi imekwisha. Kwa hiyo nikawa natafuta kasoro. Zilipoisha zile za kweli, nikaanza kutunga."

"Sasa kwa mama yako?"

Hapo mikono yake ilisimama. Hakulia. Ningetamani angelia, ningejua la kufanya.

"Kwa mama yangu sitafika," alisema. "Nilikuwa nalijua hilo peke yangu. Sasa analijua na yeye. Nimemzidishia mzigo, basi."

Nikamshikia begi.

Kesho yake nilisikia vyuma. Nilitoka nikiwa na mswaki mdomoni. Baba mkubwa alikuwa ndani ya gari, anang'oa ule ukuta wa mbao, misumari inalia. Kwa kuwa hewa ilipata njia tena, harufu ya zamani ya mkate ilikuwa imerudi. Cheche alikuwa amesimama nje, mikono mfukoni, bila mzaha.

"Kiti cha pembeni," Baba mkubwa alikuwa akimweleza. "Chenye gurudumu lake. Kinafungwa ubavuni mwa pikipiki. Kirefu, mguu unanyooka. Anakaa, hapandi. Nimekwisha kukichora kichwani."

"Breki."

"Itabidi pikipiki ihamie katikati, kitanda kikae nyuma ya dereva, kimekingama."

"Breki, nisikilize. Na daraja?"

Baba mkubwa alichomoa msumari, akautazama, akautia mfukoni. Yeye ndiye aliyetuambia upana wa lile daraja. Alilijua kwa viwiko vyake, vilivyowahi kukwaruzwa na zile nyaya.

"Shika hapa," alisema.

Cheche alinitazama. Kisha akatoa mikono mfukoni, akashika.

Mama mkubwa alikuja polepole kutoka jikoni, amevaa gauni lake la nyumbani, na kikombe cha chai. Alikiweka kwenye ubao wa kupandishia. Akachungulia ndani, pale ukuta ulipokuwa, akamtazama mumewe aliyejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, naye mumewe akamtazama. Nilijua wote wawili wanalijua daraja.

"Dereva," alisema, "kikiwa na gurudumu pembeni, mlango wa nyuma hautatosha."

"Nitaupanua."

"Upanue," alisema Mama mkubwa, akanyoosha mkono kuyashusha mapazia yake, ili yasiingie vumbi.